Hundi Isiyopita Getini

Nchi ya Shukurani msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani aliwahi kwenda huko, akaambiwa aanze kwanza na picha ya Baba Mlezi wa Taifa, na karatasi ikamwishia kwenye masharubu. Lakini nchi ipo. Ina watu, ina mvua, ina wizara nyingi kuliko mito, na habari zake nilizipata kwa mtu asiyesema uongo ila akiwa kazini.

Huko Shukurani, shule zikifungwa mwisho wa mwaka, watoto hawaachwi wazurure. Zamani walikwenda kwa bibi zao, wakala, wakanenepa, wakarudi na majipu. Serikali ikaona huo ni upotevu wa watoto, ikaanzisha Likizo ya Huruma. Wizara ya Huruma na Picha ikatoa waraka: watoto wa viongozi watahurumia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, isipokuwa saa ya chakula. Watoto wa maskini watabaki makwao, wakae mkao wa kuhurumiwa, na wasicheke cheke ovyo kamera zikipita.

Kila mtoto wa kiongozi hupewa ndoo ndogo ya plastiki, kifuniko kimetobolewa pa kutumbukizia hela, na ubavuni ina picha ya Mama Mkarimu wa Taifa akitabasamu. Ndoo hiyo huzungushwa maofisini na madukani kuwachangia wasiojiweza. Jioni hurudi nyumbani ikalala kwa mama mtoto mpaka siku ya kukabidhi. Juu yake yameandikwa maneno ya wahenga, kutoa ni moyo, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mzazi na cheo chake.

*

Bi Zamaradi alikuwa mke wa Naibu wa Pili wa Waziri wa Huruma na Picha. Si cheo cha kubezwa. Kina gari, kina dereva, na kina mtu wa kumfungulia dereva geti. Ubaya wa Naibu wa Pili ni mmoja tu, kwamba yupo Naibu wa Kwanza. Na Naibu wa Kwanza alikuwa na mke, jina lake Bi Stara, na nyumba zao zilipakana ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba Bi Stara akikaanga kitu Bi Zamaradi anajua ni samaki gani na kanunuliwa kwa nani.

Kwenye sherehe za huko, wake wa Manaibu wa Kwanza hukaa meza kuu, penye kitambaa cha satini, maua, na maji ya chupa. Wake wa Manaibu wa Pili hukaa safu ya nyuma, kwenye viti vya plastiki, na hayo maji huyatazama. Miaka nenda rudi Bi Zamaradi alikuwa akikikodolea macho kisogo cha Bi Stara. Alikijua kile kisogo kuliko alivyoujua uso wa mumewe. Usiku alikiota.

Roho ilimwuma, nisiwafiche. Ilimwuma asubuhi, ikamwuma mchana, na jioni alipumzika kidogo ili imwume vizuri. Bi Stara akinunua pazia, Bi Zamaradi hali chakula. Bi Stara akiumwa jino, Bi Zamaradi naye anakwenda kwa daktari, maana jino gani hilo la kumpendelea mmoja?

Njia ya kufika meza kuu ilikuwa moja. Siku ya kukabidhi michango, Mama Mkarimu wa Taifa huchagua mtoto mmoja aliyemgusa moyo, humpandisha jukwaani, humkalisha kando yake. Na mama wa mtoto huyo hukaa meza kuu mwaka mzima, hata mumewe awe mfagia ofisi. Mwaka jana mtoto huyo alikuwa Shaibu wa Bi Stara. Mwaka juzi, Shaibu wa Bi Stara. Bi Stara mwenyewe kiti kilikuwa chake tayari kwa cheo cha mume, kwa hiyo kwenye cha pili aliweka mkoba.

"Mkoba!" Bi Zamaradi alimwambia mumewe. "Baba Riziki, mkoba wa mwanamke yule umekaa meza kuu kuliko mimi!"

"Ni mkoba mzuri lakini," alisema Naibu wa Pili, mtu wa kusema kweli pasipotakiwa.

Mwaka huo mtoto wao Riziki alitimiza umri wa kuhurumia. Bi Zamaradi alipoiona ile ndoo mkononi mwa binti yake, machozi yalimtoka. Watu wakasema, ona mama mwenye huruma.

*

Mazoezi yalianza siku hiyo hiyo. Shaibu alikuwa na sifa nchi nzima kwa kulia. Mwaka jana alilia kwenye televisheni mpaka wakamletea soda, akainywa huku analia, wananchi wakajifunza uzalendo.

"Haya, lia," Bi Zamaradi alimwambia binti yake sebuleni.

"Nilie nini, mama?"

"Uwaonee huruma yatima."

"Wako wapi?"

"Wako kwao! Wewe lia, watakuja baadaye."

Riziki alikaza macho, akakunja pua, akasimama kwa mguu mmoja. Chozi halikuja. Mama akaleta kitunguu. Mtoto akapiga chafya, akaomba msamaha kwa wageni ambao hawakuwapo.

"Mama, sina huzuni. Nina njaa."

"Ala! Huyo Shaibu yeye huzuni kaitoa wapi?"

"Aliniambia mama yake humfinya," alisema Riziki.

Bi Zamaradi alifikiri. Akaona ni mbinu ya kizamani, na zaidi ya yote ni ya Stara. Yeye hawezi kuiga mtu.

*

Waliopangiwa kuhurumiwa mwaka huo walikuwa watoto yatima wa Makao ya Kitongo Juu. Shida yao ilikuwa paa. Bweni lao lilikuwa na bati kuukuu lililooza pembe moja, na kila mvua ikinyesha walivuta vitanda upande mmoja wakalala kwa kubanana. Bi Mosi, mlezi wao, mwanamke mfupi mwenye sauti pana, alikuwa ameiomba Wizara imzibie ile pembe.

Wizara ikasikia kilio chake. Ikatuma mafundi, wakaezua paa lote.

"Jamani, mbona mnaliondoa hata lile zima?" Bi Mosi aliuliza.

"Mama, shida yako ilikuwa haionekani," alieleza Afisa Picha kwa upole. "Kwenye kamera pembe moja si kitu. Wachangiaji wanataka shida iliyokamilika. Siku ya kukabidhi mtapata paa jipya, na watu wataona tofauti."

"Na mvua ikija kabla?"

"Haimo kwenye ratiba," alisema Afisa Picha.

Basi watoto wa Kitongo Juu wakawa wanalala wakihesabiana nyota. Riziki alipelekwa huko kupigwa picha akiwahurumia, na katika kuhurumia akakuta msichana wa rika lake, anaitwa Mboni, anacheza rede vizuri ajabu. Riziki alipigwa mpira wa mgongo mara nne. Aliporudi nyumbani amechafuka vumbi tupu, mama yake aliuliza kama angalau alitoa chozi.

"Mama, kule hakuna paa kabisa," alisema Riziki. "Mboni anasema wingu likija wanalizuia kwa maneno tu."

"Ndiyo maana tunachangisha, mwanangu. Zunguka na ndoo."

Na Riziki alizunguka. Mungu amsimamie mtoto yule. Aliingia kila ofisi, akaamkia shikamoo mpaka wafagizi, na alipoulizwa anachangisha kwa ajili ya nini hakuimba wimbo waliofundishwa na Wizara. Alisema, "Bati. Kuna mwenzangu ananyeshewa." Watu walizoea kuambiwa mambo makubwa. Waliposikia bati, wakatia mkono mfukoni kabla hawajakumbuka kuangalia kama kamera ipo. Ndoo ikawa nzito, akaibeba kwa kubadilisha mikono.

*

Sasa yafuatayo ndiyo yanayonifanya niwasifu watu wa Shukurani, maana sisi tusingeyaweza.

Huko kwao mchango haukabidhiwi kwa ndoo. Ni aibu. Hukabidhiwa kwa mfano wa hundi, lile likaratasi kubwa lenye jina la mchangiaji, watu wawili wanalishika huku na huku wakitabasamu. Bi Zamaradi alikwenda kwa fundi Limbu akaagiza mfano wa hundi wa kadibodi, upana wa mlango.

Fundi Limbu alikuwa mtu wa haya, hatoi siri ya mteja mpaka aulizwe.

"Na jirani yangu ameagiza?" aliuliza Bi Zamaradi, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Ameagiza, mama. Wa plaiwudi. Upana wa milango miwili."

Plaiwudi! Yeye Riziki wake asimame na boksi, kama mtoto wa muuza soksi, na Shaibu asimame na mbao? Alirudi nyumbani, akaifungua ile ndoo, akachota.

"Mama, si hela ya paa hiyo?" Riziki aliuliza mlangoni.

"Ndiyo. Na bila hundi, hilo paa litajuaje limetoka kwa nani?"

Riziki alilitafakari swali hilo mpaka usingizi ukamchukua. Mama yake akaagiza plaiwudi upana wa milango mitatu.

Jioni ya pili yake Bi Stara alipita kumsalimu, amejifunga kanga mpya iliyoandikwa NIMEPEWA NA MOLA, WEWE WANUNIANI. Alizunguka sebule nzima taratibu, mgongo kwanza, isije ikawa mwenzake hajasoma.

"Shoga yangu, nasikia na wewe umehamia plaiwudi," alisema Bi Stara. "Hongera. Sisi tumeacha. Mvua ikigusa plaiwudi hufura kama andazi. Nimehamia bati."

"Bati!"

"La migongo mipana. Unajua Mama Mkarimu macho yake si kama zamani, shoga. Akupende vipi na hakuoni?"

Alipoondoka, Bi Zamaradi hakugusa chakula. Alikaa akaitazama sahani, na sahani ikamtazama. Kwa nini yeye? Kwa nini kila siku yeye ndiye wa pili, hata katika wema? Alimchukia Stara, akaichukia ile kanga, na kilichomchoma zaidi ni kwamba kanga yenyewe ilikuwa nzuri. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa fundi Limbu. Akaagiza hundi ya bati za kuunganishwa, mpya, nene, ndefu kuliko ya Bi Stara kwa bati moja. Mchana Bi Stara akaongeza mawili. Jioni Bi Zamaradi matatu. Fundi Limbu alimaliza bati zote za mji, akatuma lori mji wa pili, na watu waliotaka kuezeka nyumba zao waliambiwa wasubiri huruma ipite.

Zile ndoo mbili zilichotwa mpaka kucha zikakwaruza plastiki. Hela yote ya paa iliisha kununua bati za kuandikia kwamba hela ya paa imepatikana. Hakuna aliyeliona jambo hilo isipokuwa Riziki, na alipolisema mezani, baba yake alicheka, kisha akakohoa, kisha akatoka nje kuangalia gari.

Mwishowe, kwa kumaliza ubishi, Bi Stara akaagiza hundi yake itobolewe matundu kuzunguka jina lake lote, na kila tundu litiwe taa ya kumetameta. Bi Zamaradi alipopata habari hiyo, hela haikuwapo tena. Alikaa kitandani akalia kweli kweli, kilio cha kwikwi. Riziki akamletea soda.

*

Siku ya kukabidhi ilifika. Hundi zile hazikupita getini pale Kitongo Juu, ikabidi ukuta ubomolewe, na Wizara ikaahidi kuuchangia mwakani. Fundi Limbu akaziegemeza huku na huku mwa jukwaa. Mtu angedhani ni karakana imehamia pale. Ya kushoto iliandikwa BI STARA NA MWANAWE WATOA MOYO WAO, inawaka taa nyekundu na kijani. Ya kulia iliandikwa BI ZAMARADI, kwa maana maneno mengine yalikosa rangi.

Waziri akasimama kuhutubia. "Ndugu wananchi, huruma ni mchakato. Huruma si kukurupuka! Wapo wabezaji wanaosema watoto hawa hawana paa. Nawauliza, ni serikali gani nyingine duniani iliyowapa yatima wake anga lote, bila malipo?" Watu wakapiga makofi. Yatima pia walipiga, Afisa Picha alikuwa amewafundisha.

Ndipo Mama Mkarimu wa Taifa akaomba hundi zipimwe, maana kwa macho yake zote zilikuwa ng'ambo ya ukungu. Afisa Itifaki akaja na futi. Akapima, akapima tena. Bi Zamaradi alishika kiti cha mbele yake kwa nguvu zote. Mwenye kiti alikuwa amekaa.

"Ya Bi Stara inazidi kwa shibiri," alitangaza Afisa Itifaki.

Shibiri! Shaibu akapandishwa jukwaani, akalia kama alivyofinywa. Bi Stara akaketi meza kuu, mkoba wake ukaketi kando yake, na Bi Zamaradi akabaki na kile kisogo. Safari hii kisogo kiligeuka, kikamtabasamia. Lo! Angeweza kufa angekufa, lakini asingempa Stara raha ya kumzika.

Na mvua, ambayo haikuwa kwenye ratiba, ikaja.

Haikuja kwa adabu. Ilikuja yote kwa pamoja. Msafara ukakimbilia magari, Waziri akakimbia na hotuba kichwani, Bi Stara akaingia gari la Mama Mkarimu akijipendekeza kumshikia viatu. Taa zikazimika. Dakika chache tu uwanja ulibaki na matope, viti vya plastiki, na zile hundi mbili ambazo hakuna gari lililozitosha.

Bi Mosi akajishika kiuno akazitazama. Akaigonga moja kwa kidole. Ikalia.

"Fundi Limbu," aliita kwa ile sauti yake pana, "hizi si bati?"

"Ni bati, mama. Tena nzuri."

"Sasa unangoja hotuba?"

*

Bi Zamaradi hakuondoka, kwa sababu Riziki alikuwa haonekani. Alimtafuta chini ya jukwaa, akamtafuta nyuma ya jiko, viatu mkononi, nywele zimemlala usoni. Hatimaye akasikia sauti za watoto bwenini, akaingia.

Mle ndani mvua haikuwamo tena. Alishangaa, akainua macho. Juu yake bweni zima lilikuwa limeezekwa kwa majina. Upande wa vitanda, kutoka ukuta hadi ukuta, BI STARA NA MWANAWE WATOA MOYO WAO, yamegeukia chini ili anayelala ayasome. Jina lake yeye lilikuwa upande wa pili, juu ya beseni na mifagio.

"Juu ya mifagio," alisema Bi Zamaradi. "Hata huku. Hata huku jamani!"

Watoto watalala chini ya jina la Stara. Wataamka wanaliona, watajifunza kusoma kwalo, wakizeeka watalikumbuka. Akaegemea nguzo, na tone la maji likamwangukia puani.

Akatazama juu. Tone jingine. Jingine. Maji yalikuwa yakipita kwenye yale matundu ya taa, tundu kwa tundu, yakifuata herufi za jina la Bi Stara tangu mwanzo hadi mwisho. Akageuka kulitazama bati lake. Kavu! Halina hata tundu la sindano.

"Inavuja!" alipiga kelele Bi Zamaradi, na furaha ikampanda toka unyayoni. "Ya Stara inavuja! Yangu haivuji! Njooni muone! Bi Mosi, njoo uone!"

Hakuna aliyekuja kuona. Watoto walikuwa wanavuta vitanda kama walivyozoea. Kimoja tu hakikuvutika, mguu wake ulikuwa umevunjika na umetegeshwa matofali. Mboni alikuwa amekilalia, amejikunyata, homa imemshika kwa usiku mwingi wa nyota. Na kando yake, magotini, alikuwa Riziki, amevua kifuniko cha ile ndoo yake ameikinga usawa wa kichwa cha mwenzake. Matone yaliingia ndani yake yakilia tap, tap. Tangu likizo ianze, ndoo ile haikuwahi kuingiza kitu kikabaki.

Bi Zamaradi alimtazama binti yake, na kitu fulani kikataka kumwingia moyoni, kikabisha hodi vizuri tu. Naye alikuwa karibu kusema karibu, wallahi alikuwa karibu. Lakini jicho lake likaenda pembeni, maana jicho lililozoea halifundishiki. Mwisho wa ile safu ya herufi za Bi Stara, Shaibu, ambaye alikuwa ametoroka msafara wa magari, naye alikuwa amekinga ndoo. Ndoo ya Shaibu ilikuwa imefika nusu.

"Riziki!" alisema. "Mbona ya Shaibu inajaa?"

"Kule kunavuja zaidi, mama."

"Basi lete huku hiyo. Lete!"

Akainama, akaivuta ndoo kwa mikono miwili, akaipeleka mbio chini ya herufi iliyokuwa ikimwaga kuliko zote. Akaiweka, akarudi nyuma hatua moja, akaanza kulinganisha.

Pale ilipokuwa ndoo, juu ya mto wa Mboni, Riziki alikinga viganja vyake viwili. Vikajaa. Akamwaga pembeni, akakinga tena. Mboni akageukia ukutani, akavuta shuka, akalala.